Mgonjwa Asiyeumwa

Siku ya kwanza walikuja watatu. Siku ya pili wakaja saba. Kufika siku ya nne Margareta aliacha kuhesabu, maana vikombe vilikwisha, na mtu ukishamnywesha chai kwenye bakuli la mboga humhesabu tena kama mgeni, unamhesabu kama mafuriko.

Na wote hao walikuja kwa sababu moja: mumewe, mzee Viktor, alikuwa amewekwa ndani asionane na watu.

Ilikuwa mwaka ule korona ilipoingia. Masika yalikuwa yamekolea, Ifakara nzima matope. Shule zilifungwa, na kila duka la mtaani kwetu Mlabani lilikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni mlangoni. Redio zilisema kwenye nchi za wenzetu watu wamefungiwa majumbani na askari wako njiani. Huku hakuna aliyefungiwa. Soko wazi, kanisa wazi, vilabu vya pombe ndiyo usiseme. Lakini Dativa, binti yao, muuguzi huko Dar es Salaam, alipiga simu Jumamosi moja, sauti imemkauka.

"Mama, baba asitoke. Asiende kanisani, asiende kijiweni, asishikwe mkono na mtu. Wiki tatu hivi, tuone hali."

"Serikali ndiyo imesema?"

"Nimesema mimi. Mama, wanaoletwa hapa wodini pumzi imekata ni watu wa rika la baba. Na kifua chake unakijua."

Margareta alikijua. Viktor alikata miwa kwenye mashamba ya sukari miaka ishirini na sita, akimeza moshi na majivu ya miwa inayochomwa, akarudi nyumbani na cheti cha kustaafu na kifua kinachopiga filimbi. Ngazi za kanisa ni tatu tu, na zote tatu lazima ashike ukuta. Ugonjwa wa kukata pumzi ukimkuta huyo, utakata nini? Pumzi yenyewe iko wapi?

"Sawa mwanangu," alisema. "Baba yako hatatoka."

Na kweli hakutoka. Ila Dativa alikuwa amesahau alikozaliwa. Kwetu mtu mzima asipoonekana kwenye benchi lake Jumapili, ana moja kati ya mawili: anaumwa, au amekufa. Na kwa yote mawili watu huja.

Wa kwanza alikuwa Paulina, jirani wa ukuta kwa ukuta na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa. Alikuja na chupa ya uji wa mchele.

"Mama Dativa, pole na mgonjwa."

"Haumwi."

"Ndiyo, ndiyo. Tusiite kuumwa," alijibu Paulina, amepunguza sauti kama yuko msibani. Akanawa mikono kwenye ndoo vizuri kabisa, akajifuta kwa kanga aliyotoka nayo sokoni, akaingia, akapiga goti, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, baba." Kisha akavuta kigoda mpaka magoti yakakaribia kugusana, amsikie vizuri.

Baada ya Paulina wakaja waliosikia kwa Paulina. Kila aliyetoka mle chumbani alisema huko nje kwamba mzee amepauka. Siku nne hujaona jua, utang'aa?

Kilichomchosha Margareta zaidi ni mgonjwa mwenyewe. Alikuwa anafurahi! Miaka yote hiyo hakuwahi kutembelewa namna ile. Margareta akisimama mlangoni kutafuta maneno ya kumrudisha mtu bila kumvunjia heshima, sauti ilitoka dirishani: "Nani huyo? Pita, pita! Huyo mama msimsikilize!"

"Baba Dativa, mimi nafukuza nzi, wewe unapaka asali."

"Sasa niwaambie watu nini? Waende kwao?"

"Ndiyo! Waende kwao!"

"Nitazikwa na nani?"

Jioni Dativa alipiga simu, na kwa nyuma akasikia watu wanacheka. "Mama! Si nilisema asionane na watu?"

"Njoo uwafukuze wewe mwenyewe mwenye elimu!" Margareta akakata simu, halafu akakaa jikoni anaona aibu. Hakuwahi kumkatia mwanawe simu.

Siku ya tano akaja Adolf.

Huyu Adolf alikuwa mjane, miaka sabini na minane, na kila adhuhuri kwa miaka mingi alikuwa akija kusikiliza taarifa ya habari pamoja na Viktor, japo redio anayo kwake. Siku zile zote hakuonekana kwa kuwa alikwenda Mngeta kwenye msiba wa Beno, binamu yake. Margareta alimwona kwa mbali anatembea kwenye matope na fimbo yake. Akatoa stuli, akaiweka uani chini ya paa la jiko, na mlangoni akasimama yeye.

"Karibu hapo hapo, shemeji."

Adolf akaitazama stuli, akamtazama yeye. "Hapa nje? Kama muuza samaki?"

"Beno alikufa na nini?"

"Uzee."

"Alikuwa mdogo kwako."

"Basi kifua. Kilimbana siku tatu, ya nne akapumzika. Nipishe nimsalimie mwenzangu."

"Ulilala kule matanga?"

"Siku sita. Ulitaka nilale mtini?"

"Kitendawili," akasema Margareta.

Adolf akashusha pumzi. Alimfahamu shemeji yake. Akikwama kwenye maneno ya kawaida, anaingilia mlango wa vitendawili. "Tega."

"Mgeni wangu hali, halali, habishi hodi, na akiondoka anaondoka na mwenye nyumba."

"Mkwe."

"Mkwe anaondoka na binti. Nipe mji."

"Chukua Mahenge, kuna baridi itakufaa."

"Nimekula nyama nyingi na vinono Mahenge, nimerudi. Ndiyo hiyo korona, nawe umetoka nayo Mngeta kwenye hilo koti."

Adolf alikasirika sana. Aliipiga fimbo chini mpaka matope yakaruka. "Nyie mnasikiliza mambo ya redio! Hao waliofungiwa huko Ulaya, wazee wao hawakufa? Wamekufa hivyo hivyo, tena bila mtu wa kuwashika mkono. Kufungiwa ndani ni kwa watu wenye friji. Wewe friji yako ni soko la kila asubuhi. Sasa unamfungia mzee, halafu wewe mwenyewe unakwenda sokoni kumchukulia dagaa na korona?"

"Kweli kabisa!" ikajibu sauti ya dirishani.

"Nyamaza wewe!" Margareta akasema bila kugeuka. "Shemeji, friji sina. Mume ninaye mmoja, na kifua chake unakisikia ukiwa barabarani."

"Na upweke? Upweke hauui? Mimi tangu mke wangu mama Evarist afariki nimefungiwa ndani miaka minne bila korona yoyote. Naujua unavyoua. Hauna haraka, ndiyo maana hausemwi redioni."

Margareta alijua ni kweli, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Lakini mlangoni hakutoka. Adolf akaiacha stuli bila kuikalia, akaenda zake, na njiani kote alimweleza kila aliyemkuta kwamba Viktor amefungiwa na mke, hata rafiki hamwoni.

Ndipo Paulina akarudi, safari hii na daftari la jumuiya.

"Mama Dativa, tumesikia hali imezidi. Tumekubaliana, kesho saa kumi jumuiya nzima tunakuja kumsalia baba. Tutajibana humo humo chumbani, tumzunguke, tuimbe kidogo."

"Mko wangapi?"

"Arobaini na mmoja, ukiacha watoto."

Margareta akashika mwimo wa mlango. Watu arobaini na mmoja wanaimba, midomo wazi, kwenye chumba ambacho kuku mmoja akiingia lazima mtu atoke. Akatae? Jumuiya ukiikatalia mlangoni leo, kesho jeneza lako litabebwa na nani? Akubali? Hilo jeneza lenyewe litakuja mapema. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumpigia Dativa amwambie, haya, korona yako hii hapa, ina daftari.

Paulina alikuwa anaendelea kusoma majina. "Ndaki na mkewe tu ndiyo hawatakuwepo. Wako shamba, wanaamia ndege wasile mpunga."

Alilisema kirahisi, akageuza ukurasa. Hakuna aliyempelekea Ndaki uji. Hakuna aliyemuulizia rangi. Wiki ya tatu haonekani kanisani, na wala hakuna anayetaka kumzunguka amwimbie.

"Hata sisi," alisema Margareta.

"Hata nyie nini?"

"Tunakwenda shamba. Alfajiri. Mpunga wetu kule Lupiro punje zimeanza kutunga maziwa, kwelea kwelea watatumalizia."

"Na mgonjwa?"

"Huyo huyo ndiye wa kuwapigia ndege kelele."

Uso wa Paulina ukafunguka kama dirisha. "Aa! Kumbe mzima! Si ungesema, mama Dativa! Watu tumehangaika bure." Akachukua kalamu, akalikata jina la Viktor kwenye orodha ya wagonjwa.

Si ungesema! Margareta alibaki anamtazama mgongoni mpaka akapotea.

Dativa alipoambiwa alipiga yowe. "Shamba? Mama, akibanwa kifua huko utampeleka wapi? Hospitali iko ng'ambo ya mto!"

"Hapa hospitali iko karibu, na watu arobaini na mmoja nao wako karibu. Chagua, mwanangu. Nikae na daktari au nikae na ndege?"

Dativa akapenga kamasi. "Mbebee ile dawa yake ya kupuliza, mbili. Na simu isikose chaji."

Alfajiri Abdulkarim, kijana wa bodaboda, aliwavusha darajani mmoja mmoja, Viktor kwanza, amezungushiwa kanga puani na mdomoni kama mwali anayetolewa. Alinung'unika njia nzima. Lakini walipompandisha kwenye dungu, kile kibanda cha miti kirefu kinachokaa juu ya mpunga, akatazama bonde lote lilivyo kijani mpaka chini ya milima, akakaa. Kisha akashika kamba ya makopo ya kutishia ndege, akaivuta, na ndege wakaruka.

Siku tano zikapita vizuri. Filimbi ya kifuani haikupungua, haikuongezeka. Ya sita, Margareta alipokuwa anachochea moto, akaona baiskeli inasukumwa juu ya tuta, na mkononi mwa mwenye kuisukuma ile fimbo ya Adolf. Hata huku! Akamwambia Viktor abaki juu, akaiondoa ngazi, akasimama na mwiko mkononi.

Hakuuhitaji. Hatua thelathini kabla hajafika, Adolf alisimama mwenyewe.

"Asishuke!" alipaza sauti. "Shemeji, mwambie asishuke!"

"Kuna nini?"

"Mke wa Beno amefuata. Jumatatu. Na wale niliolala nao chumba kimoja, wawili wako kitandani." Akakohoa kidogo, akageuza uso pembeni, akafuta mdomo. "Mimi sina kitu. Vumbi la njiani hilo."

Ilikuwa masika. Vumbi halikuwepo hata la kuombea.

Margareta alishusha mwiko. "Umekuja kufanya nini?"

"Shamba langu si hilo hapo? Dungu langu si lile?" Alionyesha kwa fimbo, ng'ambo ya tuta. "Nitakaa humo wiki mbili. Nikibanwa, mtaniona sivuti kamba." Akapandisha sauti tena. "Na sijasema kwamba ulikuwa na haki! Kufungia watu bado ni mambo ya wenye friji!"

"Una friji wewe?" Viktor akapiga kelele kutoka juu. "Mbona umejifungia?"

"Nimejifungia mwenyewe! Hakuna askari!"

"Askari ninaye mimi huku, ana mwiko!"

Margareta aliwaacha. Akapakua wali na mlenda kwenye sahani, akaipeleka katikati ya tuta, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua zake kumi na tano. Adolf akaifuata, akaichukua, na mara ile walipotazamana kwa karibu Margareta aliona macho yake mekundu na shavu limeingia ndani. Alikwenda kumpigia Dativa kumuuliza mtu akikohoa hivi wiki moja baada ya kutoka matangani anapewa nini, na bodaboda iitwe lini.

Nyuma yake wale wazee wawili waliendelea kubishana, mmoja huku na mwingine kule, kama wako bungeni. Simu ilikuwa bado inaita alipoona wingu jeusi la ndege linashuka kwenye mpunga upande wa mto.

"Bishaneni!" aliwafokea. "Lakini mkibishana, kamba zivuteni!"