Honda ya Bibi

Springi ambazo Rodel alizikata mwenyewe ili gari lake, Honda, lishuke na kuambaa lami zilikuwa zimechoka. Wiki nzima akaumiza kichwa: anunue springi fupi mpya, au shokapu za kupandisha na kushusha gari? Springi fupi zilimtoa udenda. Lakini kila Jumapili bibi yake, Consolacion, alihangaika kutoka kwenye gari hilo la chini mbele ya kanisa mjini Carson, magoti yakilia. Basi akafunga shokapu, akaipandisha Honda hadi mwisho.

Jumapili bibi akashuka mwenyewe, kiulaini. Akanuna.

“Nini tena, Bibi?”

“Irudishe chini, mjinga wewe! Ikiwa chini unanivuta kwa mikono miwili, na wanakwaya wote wa Carson wanaona kwamba nina mjukuu.”