Mzee Kotaya Yuko Kazini

Alasiri moja, mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa, Ratnama alikuwa akichambua dengu uani kwake Temeke. Baba yake akakohoa mara mbili, akaegemea kiti, akafa. Ratnama akamaliza kuchambua dengu. Kisha akamfunika baba yake shuka, nzi wasimsumbue, akabandika chai.

Majirani walishazoea. Mzee Kotaya alikuwa mwigizaji wa filamu za Kitelugu huko kwao, kusini mwa Uhindi. Si yule anayeimba na kuoa, hata kidogo. Yeye alikuwa baba wa bibi harusi, tajiri bahili, kuhani, hakimu. Uzee ulipomwingia akamfuata Ratnama, binti yake, aliyeolewa huku na Satyam, karani wa reli aliyekosa nyumba Uhindini, mtaa wa Wahindi wenzake mjini. Filamu zake zilibaki zikizunguka vijijini kwao, zikionyeshwa ndani ya mahema, na kila ilipoonyeshwa moja ilimbidi mzee aiigize upya, hapahapa Temeke. Ikiwa ya bahili, alificha sukari ya nyumba nzima. Ikiwa ya hakimu, alimfunga jela Jabiri muuza kahawa, naye Jabiri alikaa pembeni kwa adabu hadi filamu iishe. Ila wenye filamu walimpenda zaidi akifa, ili shujaa apate sababu ya kulia. Basi alikufa karibu kila wiki, na neno "Mwisho" likishatokea kwenye kitambaa cha sinema huko kwao, anaamka anadai chai.

Mwanzoni Mwanabaraka, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa akija mbio na mkeka na vilio. Siku hizi alichungulia tu.

"Leo ya sumu au ya moyo?"

"Ya moyo," Ratnama akajibu.

"Afadhali. Ile ya sumu anatuchafulia ua."

Lakini jua likazama, chai ikapoa, mzee haamki. Huko kwao injini ya sinema ilikuwa imezimika katikati ya filamu, hema likafungwa, watu wakarudi makwao. Temeke hakuna aliyelijua hilo.

Kulipokucha, Satyam akasema safari hii mkwe wake kafa kweli. Alikuwa mtu mwema, na alimpenda mzee, lakini kwao maiti hakeshi usiku wa pili, huchomwa. Akaenda kuomba kibali kwa bwana afya, Mwingereza mmoja mwenye haraka zake, akaagiza mkokoteni wa kuni kutoka Pugu. Wazee wa mtaa nao wakamuunga mkono kwamba maiti hacheleweshwi. Siku hiyo Waislamu, Wakristo na Wahindi wa Temeke walikuwa na kauli moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Ratnama peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa ameushika mkono wa baba yake tangu jana.

"Tazameni dole gumba," alisema. "Kalikunja ndani ya kiganja. Akiigiza maiti ndivyo anavyofanya, asije akacheka. Namwona tangu nikiwa mdogo. Maiti wa kweli anajizuia kucheka ili iweje? Baba yuko kazini."

"Mke wangu, mkono wa maiti hukakamaa vyovyote."

"Na ukimchoma, ataamkia wapi?"

Lakini kuni zilishashushwa mlangoni na wanaume walishakunja mikono ya kanzu.

Hapo Mwanabaraka akachukua mkeka wake, akautandika juu ya zile kuni, akakaa. Wanawake wengine wakamfuata, wakajibana mpaka hakuna gogo lililoonekana. Na Temeke ilijulikana kwamba wanawake wakishakaa msibani, hakuna mwanamume wa kuwainua. Wataondoka wenyewe wakitosheka.

"Shikamoo mama," Satyam akasema kwa unyonge. "Naomba hizo kuni."

"Marahaba, mwanangu. Sie tunalia. Tukimaliza tutakwambia."

Wakalia. Walilia kwelikweli, maana hata wao hawakuwa na hakika. Walimlilia bahili, wakamlilia hakimu na kuhani, wakamlilia mzee mwenyewe aliyekuwa akiwasalimia kwa kuinama kila asubuhi. Mpaka alasiri sauti zilikuwa zimewakauka.

Huko kwao mtu akaleta injini nyingine, filamu ikaendelea mpaka mwisho. Mzee Kotaya akakaa kitako, akatoa pamba puani.

"Chai yangu iko wapi?"

Satyam akakaa chini sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka. Ratnama akamkumbatia baba yake, hamwachii. Mwanabaraka akasema alhamdulillahi, akainuka juu ya kuni, na jioni ile zikapikiwa pilau la mtaa mzima.

Wakila, mzee akawasimulia injini ya sinema ilivyozimika. "Baba, kule kiza kilipoingia," Ratnama akauliza, "watu walifanyaje?"

"Walizomea. Walitaka kujua kama shujaa atamwoa yule binti. Leo wamerudi, shujaa kalia, na wao wakamlilia shujaa. Mie jina langu halimo hata kwenye tangazo." Akapuliza chai. "Miaka yote hii nakufa, hakuna aliyenililia. Leo nimewasikia nyie. Niliuma ulimi nisilie, nisije nikaharibu kazi."

Mwanabaraka akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akamwongezea pilau.

Jumamosi mzee akafa tena. Huko kwao walimlilia shujaa. Temeke wanawake waliacha vyungu jikoni, wakaja kumlilia Mzee Kotaya, naye akalala kimya akiwasikiliza mpaka filamu ikaisha.