Sauti ya Kifaranga

Mwanangu alianza kurapu akiwa na miaka tisa, watu wakambandika jina la Kifaranga. Sasa ana ndevu na sauti nzito, lakini kila ukumbi unataka wimbo uleule wa utotoni, tena kwa sauti ileile. Kwa hiyo fundi wa mitambo huweka rekodi ya zamani, naye hufungua na kufunga mdomo kama samaki.

Juzi, nyuma ya jukwaa, akaniambia, "Mama, leo naimba wimbo mpya, kwa sauti yangu."

"Promota anajua?"

"Anasema watu hawakuja kumsikiliza jogoo."

"Kwani kifaranga huwika? Anayewika ni jogoo. Nenda."

Akapanda. Kufika ubeti wa pili, watu wakaanza kuzomea: "Kifaranga! Tunamtaka Kifaranga!" Promota, jasho likimtiririka, akamwamuru fundi aweke rekodi. Sauti ya mtoto wangu wa miaka tisa ikajaa ukumbini, ikamfunika mwanangu mtu mzima. Watu wakashangilia.

Nikamfuata fundi. "Kijana, zima hiyo."

"Mama, si unaona wanaipenda?"

"Huyo mtoto nilimzaa mimi, na ameshakua. Zima!"

Hakuzima. Mwanangu akaweka maiki sakafuni, akashuka. Rekodi ikaendelea kuimba kwenye jukwaa tupu, na watu wakaendelea kucheza.

"Wamegundua kwamba nimeshuka?" akaniuliza.

Sina desturi ya kuwadanganya wanangu.

"Bado," nikamjibu. "Chukua koti lako, twende."