Fremu Thelathini na Nane

Kinyozi alifunga saluni mapema Jumapili ile. Mteja mmoja aliondoka na ndevu zake akinung'unika, lakini saa ya kucheza na binti yake ilikuwa imefika.

Binti alihamia mji mwingine na mama yake wazazi walipoachana. Kwenye simu walikuwa kama watu wasiojuana: "Shule?" "Nzuri." "Haya." Lakini wakiingia kwenye gemu la vita, vipokea sauti masikioni, mtoto alifunguka. Alicheka, akamgombeza baba, akasengenya walimu. Ndiyo maana kinyozi alijinyima mpaka akapata kompyuta ya gemu.

"Baba, mbona unagandaganda?"

"Mtandao tu, mama yangu."

"Si mtandao. Hebu angalia fremu zako."

Akaangalia. Picha thelathini na nane tu kwa sekunde. Akatafuta mitandaoni video za watu wenye kompyuta kama yake: kadi ya picha ileile, prosesa ileile, gemu lilelile. Mia na ishirini. Akafungua nyingine: mia na kumi na tano. Hakuna hata mmoja aliyeshuka chini ya mia. Akajihisi kama mgonjwa aliyeambiwa moyo wake unapiga theluthi tu ya mioyo ya wenzake.

Wiki nzima hakutulia. Alipuliza vumbi kwa mashine ya kukaushia nywele. Alifuta kila kitu, akaweka upya. Alishusha ubora wa picha mpaka askari wakafanana na mabonge ya udongo. Arobaini na moja. Kila akipata nafasi kati ya wateja alirudi kwenye zile video, kana kwamba safari hii namba zao zingemhurumia.

Kisha binti akapiga simu mwenyewe, jambo la nadra.

"Baba, Jumapili tuna mashindano. Wenzangu wanasema unatuchelewesha. Kuna mtu atashika nafasi yako."

"Nani?"

Binti akashusha sauti.

"Mume wa mama. Kompyuta yake iko vizuri."

Kinyozi aliikumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa, akaipeleka kwa fundi. Fundi akaichomoa kadi ya picha, akaifungua, akaigeuza, akaguna.

"Kaka, nani kakuuzia hii?"

"Binamu yangu."

"Jina ni la kadi mpya, lakini ndani ni ya zamani. Wameibandika jina tu. Hii hata uiombee dua, mia haifiki."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimpigia binamu. "Hata mimi nilidanganywa, ndugu yangu," akajibiwa, na simu ikakatwa. Baada ya hapo hakupatikana tena.

Akampigia binti. "Kadi ni feki, mama yangu. Nikipata nyingine, utanirudisha?"

"Pole, baba. Tutaona."

Kinyozi alilijua neno hilo. Ndilo alilokuwa akimpa binti alipokuwa mdogo, akiomba kitu ambacho asingepewa.

Jumapili mashindano yalirushwa mtandaoni. Aliyatazama kwenye simu, peke yake saluni. Binti alicheza vizuri kuliko alivyowahi kumwona. Katikati ya mchezo akaanza kumsimulia yule bwana kisa cha mwalimu wa hesabu aliyekaa kwenye kiti chenye rangi mbichi, na wote wawili wakacheka. Kinyozi hakuwa amekisikia kisa hicho.

Walishinda. Akaandika chini ya video, "Hongera mwanangu." Ujumbe ukapanda, ukasukumwa na mamia ya jumbe nyingine, ukapotea. Aliendelea kutazama mpaka kule upande wa pili walipozima matangazo.