Kitabu cha Bwana Mipaka

Mdogo wangu ni mpima ardhi mstaafu, na ana kichwa kigumu kuliko zile nguzo za zege alizokuwa akizichimbia kwenye mipaka ya watu. Mimi namsema kwa sababu ni wa tumbo moja na mimi. Wewe ukimsema tutagombana. Kazini walimwita Bwana Mipaka. Majirani wakitaka kutoana roho kwa sababu ya ukuta au mfereji, anaitwa yeye, anapima, kisha anawakalisha chini mpaka wanapeana mikono. Visa hivyo ndivyo alivyotaka kuviandikia kitabu.

Na alikuwa na haraka. Daktari alishamwambia bila kumung'unya maneno kwamba presha ya macho imeshaharibu sana, na dawa zinachelewesha tu. Alitaka kitabu kiishe naye angali anaona. Mimi nilikuwa katibu muhtasi, nimechapa ripoti za wakurugenzi wasiojua hata sentensi inaishia wapi, kwa hiyo akaniita tuchague pamoja programu ya kupangia mawazo yake. Wifi yangu akatuachia meza ya chakula, akasema tukianza kelele atatutoa nje wote wawili na kompyuta yetu.

Tulijaribu programu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ramani ya mawazo: unaweka wazo kuu katikati ya skrini, halafu unachomoa matawi, kila tawi na visanduku vyake vya rangi. Ya pili, niliyoitaka mimi, haina madoido. Vichwa vya sura vinashuka kutoka juu kwenda chini, na chini ya kila kichwa hoja zake zimesogezwa ndani kidogo. Sura unaifunga, unaifungua, unaihamisha na kila kilichomo. Tena kwenye hiyo, kompyuta inaweza kukusomea mstari kwa mstari. Hili la kusomewa nililitaja haraka haraka, nikarukia jingine.

Alilisikia. Akaniambia ameishi na ramani tangu ujana wake na hataanza leo kupanga kazi yake kama orodha ya kwenda sokoni. Nikamjia juu. Nikamwambia visanduku vya rangi ni vya watoto wa chekechea, na kitabu kinasomwa kwa mstari, hakisomwi kwa matawi. Yeye akasema ramani inamwonyesha kitabu chote kwa mpigo mmoja, na hicho ndicho anachokitaka, kukiona chote. Hapo nikaifunga ile yangu. Ikawa ramani.

Akaanza kazi. Asubuhi anakaa, uso karibu ugonge kioo, anaburuta visanduku. Mimi napita alasiri kumsahihishia maneno. Ramani ikakua, na kadiri ilivyokua ndivyo ilivyonichefua, maana alirundika kila kitu katikati, kisanduku juu ya kisanduku, mishale imefungamana kama nywele zisizochanwa, na pembeni karibu kote skrini nyeupe, ila visanduku vichache vilivyopotelea kwenye kona. Nilimsimanga sana. Mtu aliyegawa ardhi maisha yake yote, nikamwambia, anajenga nyumba zote kwenye kiwanja kimoja! Alicheka, akasema ndivyo anavyopenda.

Alasiri moja nikasema liwalo na liwe, nikachukua kipanya, nikaanza kuvitawanya mwenyewe, naye amekaa kando yangu. Kule juu kabisa, kwenye kona, nikakuta kisa cha mto uliohama na kuwaachia ndugu wawili ugomvi wa shamba. Kizuri, kimeandikwa kikamilifu. Nikashuka kona ya chini, nikakuta kisa hicho hicho, kwa maneno mengine. Na pale katikati, kwenye rundo, alikuwa amekianza tena asubuhi ile. Nikaangua kicheko. Nikamuuliza, Bwana Mipaka, mto wako umehama mara ngapi?

Hakucheka. Aliuliza hivyo vingine viko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuza kichwa chote, taratibu, akapita kidole changu, akarudi, akakitafuta kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alipokipata kile kisanduku cha juu, alikaa akikiangalia muda mrefu.

"Nilidhani nimeota kwamba nimekiandika," alisema.

Kicheko kilinikauka. Nikamuuliza tangu lini pembeni haoni. Akasema tangu kabla hatujaanza, na kila wiki panazidi kubana. Wifi hajui.

"Nikichukua ile programu yako, dada, nitakuwa nimekubali."

Iliniuma, nisikufiche. Nilitafuta neno la kumpoza nikaona yote niliyo nayo ni uongo, na mimi kumdanganya mdogo wangu sijazoea. Nikamwambia akubali asikubali, pembeni haparudi, lakini kisa cha mto ni kizuri na anakiandika mara tatu wakati visa vingine vinangoja. Akaniambia nina mdomo mbaya. Nikasema najua.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu niondoke. Kisha akamwita mkewe aje akae, akamwambia mwenyewe, kwa maneno machache. Wifi hakulia mbele yetu. Alivuta kiti, akamshika mkono juu ya meza, akaniambia mimi niendelee na ninachokifanya.

Nikahamisha visanduku vyote kwenye programu ya pili, kimoja kimoja, nikafuta mito miwili, nikawasha sauti. Loo, ile sauti! Inasoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, na wifi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mdogo wangu alifumba macho. Hakuna aliyemwambia afumbe. Ilipofika sura ya nne akainua mkono nisimamishe, akasema ugomvi wa mfereji uje baada ya mto, na baina ya hivyo viwili pana kisa kimekosekana, kile cha ukuta wa msikiti na duka. Miezi yote ile kwenye ramani hakuwahi kuliona pengo hilo, wala mimi sikuliona. Nikahamisha, nikaongeza kichwa, nikairudisha sauti mwanzo.

Alisikiliza kidogo, macho yamefumbwa, halafu akanigusa bega.

"Mwambie asiende mbio," alisema. "Mimi na yeye tutakuwa pamoja muda mrefu."