Mzigo wa Virginie

Constance alikuwa amebakiwa na diski moja tupu, basi. Mashine ya kuzichonga alipewa parokiani walipofunga chumba cha video: kompyuta inachora picha moja, mashine inaichonga kwenye diski kwa mwanga, kisha inangoja nyingine. Picha chungu nzima ili mtu aliyechorwa apige hatua moja tu ya mguu, na umeme ukikatika, unakaa unautazama ukuta. Majirani wa mtaa wake wa Ibanda walimcheka, wakisema simu ingemaliza kazi hiyo. Lakini cha kwenye simu hufutika kwa kidole gumba. Kilichochongwa kwenye diski ile hakifutiki tena.

Ndicho alichokitaka. Mama yake, Virginie, alikufa Constance akiwa bado mdogo sana, akaacha picha moja ya karatasi: amesimama sokoni Mudaka, kitunga cha viazi miguuni. Constance hakukumbuka uso mwingine zaidi ya huo wa karatasi, na jambo hilo lilimuuma. Alitaka kumwona mama akitembea.

Nusu ya diski ilipojaa, alimwita mama mkubwa Eulalie, dada wa marehemu, aje kutazama. Kwenye skrini Virginie alishika njia, mgongo wima, kitunga kichwani, uso mbele, anatabasamu. Constance akangoja machozi ya mama mkubwa. Kikaja kikohozi.

"Huyu haiko Virginie," Eulalie alisema. "Sisi hatukuwa tunabeba mu kichwa. Ni mu paji ya uso."

Ona sasa mtoto wa mjini! Kila siku anapishana na wanawake wenye mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, halafu mama yake mwenyewe anamchora kama mwanamke wa kalenda. Aibu ilimshika Constance. Maji yakimwagika hayazoleki.

Eulalie hakupoteza maneno. Aliufunga mto wa kiti kwa kitenge, akaupachika mgongoni, kitenge kikamkaza paji, akazunguka sebuleni ameinama. Constance akachungulia. Uso haukuonekana. Kazi yote ile ili auone uso, kumbe ukweli wenyewe unauficha.

"Sasa nani alikuwa anaona uso yake?" aliuliza.

"Ni weye," Eulalie alijibu kutoka chini ya mzigo. "Ulikuwa unatembea mbele yake, mufupi hivi, unamugeukia kila saa. Ni weye njo alikuwa anakuchekea."

Constance akaiendea nusu ya diski iliyobaki. Kwa kuwa hangeweza kufuta, alimsimamisha Virginie njiani, akamtua kitunga chini, akamfunga kamba, akamwinua ameinama. Halafu akaliteremsha jicho la picha hadi kimo cha mtoto mdogo anayetangulia mbele ya mama, akaligeuza nyuma.

Kompyuta ikachora, mashine ikachonga, moja, tena moja. Na chini ya kamba ile uso wa mama ukaanza, polepole, kumchekea yeye.