Marehemu Mwanasha Hajatoka Foleni

Jumanne asubuhi Peres Awiti alifika hospitalini na viatu mkononi, maana njia ya kutoka Waithaka hadi kituo cha basi ilikuwa tope tupu. Akapangusa miguu kwenye gunia la mlangoni, akavaa viatu, akaingia kwenye ujia wa chumba cha mashine. Mahali pa kwanza kwenye benchi alikuwa ameketi Mwanasha, mke wa Hemed muuza kanga wa mjini. Mwanasha alikuwa amezikwa Ijumaa.

"Hujambo, Bi Mwanasha," Peres akasema. "Si ulizikwa?"

"Nilizikwa, shoga. Kaa."

"Hata pilau ya matanga yako nimekula."

"Chumvi je?"

"Ilizidi kidogo."

"Hemed huyo! Miaka yote namwambia pilau si samaki wa ng'onda." Akavuta shuka lake jeupe ili Peres apate pa kukaa.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Wanawake wote wa benchi hilo walikuwa wamekatwa titi moja, na pengo kila mmoja alilijaza kwa alichokuwa nacho: pamba, matambara, na Peres soksi ya mpira ya mwanawe Were, ambaye tangu siku hiyo alicheza mguu mmoja ukiwa wazi. Daktari aliyewakata aliwaambia wote neno moja, kwamba kisu kimeangusha mti, sasa miale ichome mizizi, tena upesi. Lakini mashine ya miale ilikuwa moja tu, na iliugua kuliko wagonjwa. Ikiamka leo, kesho imelala, inangoja kipuri kutoka Ulaya. Kwa hiyo kila Jumanne foleni ilianza upya, na aliyetangulia kuketi ndiye angetangulia kuingia.

Mama mmoja wa Dagoretti alimwendea Haron, karani wa mlangoni. "Haron, huyu wa kwanza si amekufa?"

Haron akaitazama kadi ya Mwanasha mbele na nyuma. "Mama, sheria inataka mgonjwa awe na kadi. Haikusema awe na pumzi."

Hakuna aliyebishana. Walishaona sheria mbovu kuliko hiyo.

Wala Mwanasha hakuwa marehemu peke yake. Wengine walikuwa wamezikwa kwao, Siaya, Vihiga, Bungoma. Hao walisafiri kwa basi la usiku na kushuka mjini jua limeshapanda, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wakakuta benchi limejaa. Naliaka wa Bungoma, aliyekuwa hakosi nafasi za mbele alipokuwa hai, sasa alisimama mkiani na kapu lake. Mwanasha alilazwa makaburi ya Kariokor. Alikuja kwa miguu, hata kabla wafagizi hawajamaliza.

"Nyinyi Waislamu mna akili," Peres akamwambia. "Mnazikwa karibu na shughuli."

"Na nyinyi watu wa bara mnasafirishwa kama magunia ya mahindi. Mkifika huko, mnasafiri tena."

Peres alicheka mpaka mshono ukamuuma. Lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani.

Jioni alikuwa akichambua maharagwe, na mumewe Zadock, seremala mwenye banda lake kule Satellite, akinyoosha misumari iliyopinda.

"Baba Were, nikifa nizike hapa hapa mjini, Lang'ata."

"Sema tena."

"Lang'ata. Basi la kutoka kwenu linachelewa."

Zadock akaweka nyundo chini. "Mke wa Mjaluo azikwe Lang'ata? Kama maiti iliyookotwa mtaroni? Kaka zangu wataniuliza nyumba yangu ilikosa nini."

"Waambie nina foleni."

Zadock akacheka, kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa mzaha. Kisha akaona anacheka peke yake. Peres akamshika kidole, akakipitisha juu ya kovu lake, akakisimamisha penye kivimbe.

"Mtama," Zadock akasema.

"Mtama ulikuwa wiki iliyopita. Guza vizuri."

"Kunde."

"Haya. Rudi kwenye misumari yako."

Jumanne iliyofuata Peres hakusalimia kwanza. "Bi Mwanasha, nipishe mbele."

"Shoga, nafasi hii nimeingoja tangu masika. Ndiyo mali pekee niliyobakiza duniani."

Peres akaushika mkono wa mwenzake, akauweka pale pale penye kivimbe. Vidole vya Mwanasha vilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Vilikaa pale kitambo, vikaondoka.

"Hebu pita huku," Mwanasha akasema, akasogea.

Na siku hiyo, kama kwa makusudi, mashine ikapona. Waliisikia ikinguruma nyuma ya ukuta. Wanawake wakapiga vigelegele, Naliaka akapiga makofi na vumbi likatimka. Peres akasimama, akaivua soksi, akaitia mfukoni.

Ndipo gari jeusi likasimama upande wa pili wa jengo. Akashuka bibi mmoja, amevaa kilemba cha hariri, akashikwa mkono, akapitishwa mlango wa huko mpaka ndani. Naye alikuwa na titi moja kama wao. Kwa ugonjwa wake hawakumwonea wivu. Walimwonea kwa ule mlango. Baada yake likaja gari jingine, na jingine, na mchana ulipokaribia mashine ikakohoa, ikanyamaza.

Peres alikuwa bado amesimama, mkono kwenye kitasa. "Haron, mimi si ndiye wa kwanza?"

"Ndiwe, mama. Wa kwanza wa benchi." Haron alikuwa akiangalia viatu vyake. "Wale si wa benchi."

Walio hai na waliokufa wakalalamika kwa sauti moja, na Haron, ambaye hakuwa mtu mbaya, akayapeleka malalamiko yao juu. Wiki kadhaa zikapita. Siku moja akatoka anatabasamu.

"Kilio chenu kimesikika. Mtaongezewa."

"Mashine?"

"Benchi."

Kazi hiyo alipewa Zadock, kibarua. Alichagua mbao za saipresi zisizo na fundo, akapiga randa, akapiga msasa, akarudia tena mpaka majirani wakamcheka.

"Unamchongea waziri?" Peres akamuuliza. Siku hizo hakuinuka tena kitandani.

"Nayachongea makalio yako. Nyamaza upone."

Mvua za vuli zilipokatika, Peres akafa. Kaka zake Zadock walikuja na lori kabla hajafungua mdomo kuhusu Lang'ata, na hakuufungua. Walimzika kwao Alego, upande wa kushoto wa nyumba, kama mke anavyozikwa, wakaimba vizuri sana.

Jumatatu jioni Peres alijikung'uta udongo, akapanda basi. Utingo hakumpunguzia nauli.

Alifika jua limeshapanda. Mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa. Mwanasha akampungia mkono kutoka mbele: "Mama Were! Nilikuwekea, wakanizidi nguvu." Peres akasimama nyuma ya Naliaka.

Baadaye kidogo akaja msichana, mfanyakazi wa nyumba kule Muthangari, bado na aproni yake, mkono mmoja umekumbatia kifua.

"Wewe ndiye wa mwisho, mama?"

"Nilikuwa mimi. Daktari amesemaje?"

"Amesema niharakishe. Kuna kitu kimeota tena. Kadogo."

"Kama nini?"

Msichana akafikiri. "Kama mtama."

Peres akamshika bega, akampitisha mbele yake. Naliaka akajitenga kando, na wa mbele ya Naliaka, na wa mbele yake, marehemu mmoja baada ya mwingine, vumbi likianguka chini bila kelele, mpaka Mwanasha naye akainuka na msichana akaketi mahali pa kwanza, kadi imenyooka mapajani. Nyuma ya ukuta mashine ikaanza kunguruma. Upande wa pili wa jengo, dereva alikuwa akimfungulia mtu mlango wa gari.